Sindano za mjomba au vidonge vya Ijumaa?

Swali la msomaji wa Likoni: "Shikamoo daktari. Mamangu ana miaka 52. Miezi minane iliyopita alianza kuumwa vifundo vya mikono na miguu, vidole vikavimba. Tulidhani ni chikungunya. Baadaye akapimwa damu, kipimo kiitwacho RF kikatoka chanya, tukaambiwa ni baridi yabisi. Ni miezi minne sasa anameza methotrexate vidonge vinne vya miligramu 2.5 kila Ijumaa, foliki asidi, na prednisolone miligramu 10 kila siku. Amepata nafuu, lakini si sana. Akiamka mikono haifungi kwa muda wa saa nzima, na kukuna nazi ameacha kabisa. Muuza dawa mmoja alituambia methotrexate ni ya saratani, na tangu siku hiyo mama anaiogopa. Mjomba aliye Muscat yuko tayari kulipia zile sindano mpya. Je, tuanze sindano, ama tuendelee na vidonge? Na akipona, ataacha dawa lini?"

Marahaba, binti. Mwambie mjomba pesa azishike kwanza, kwa sababu vidonge alivyo navyo mamako bado havijapewa nafasi.

Vidonge vinne vya 2.5 ni miligramu 10 kwa wiki. Hiyo ni dozi ya kuingilia, ya kuangalia kama ini na damu vitaikubali. Hakuna aliyekusudia mgonjwa akae nayo miezi minne huku mikono imevimba. Mwongozo wa EULAR, jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa magonjwa ya viungo, uliohuishwa 2022, unataka methotrexate ipandishwe ndani ya wiki 4 hadi 6 mpaka ifike karibu miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 65 atafika kama miligramu 20, yaani vidonge vinane. Mwongozo huohuo unataka mgonjwa ambaye ugonjwa wake bado unachemka akaguliwe kila baada ya mwezi 1 hadi 3, na tiba ibadilishwe ikiwa miezi 3 imepita bila nafuu ya maana, au miezi 6 bila kufika lengo. Lengo ni ugonjwa utulie kabisa, au ubaki kidogo sana. "Nafuu, lakini si sana" haimo.

Kosa hili la dozi kubaki palepale ni la kawaida mno, na halimo Mombasa peke yake. Mgonjwa husema "kidogo afadhali", daktari mwenye foleni ndefu huandika "endelea", na miezi mitatu mingine inapita. Wakati huo gegedu, ule mto laini wa kwenye ncha za mifupa, linaliwa na mfupa unatobolewa, na tundu la mfupa halizibiki tena hata dawa ikija kufanya kazi baadaye.

Kabla ya kupandisha chochote, turudi hatua moja nyuma kwenye jina la ugonjwa. RF ikiwa chanya haitoshi kumbatiza mtu baridi yabisi. Huweza kutoka chanya kwa mwenye kifua kikuu, kwa mwenye homa ya ini ya muda mrefu, hata kwa mtu mzima asiye na maradhi yoyote. Kipimo chenye uzito zaidi ni anti-CCP: kikitoka chanya kwa mtu mwenye viungo vilivyovimba, shaka hupungua sana. Kama mamako hajafanyiwa, kiombeni, pamoja na eksirei ya mikono yote na miguu yote. Miguu msiisahau, maana mara nyingi mfupa wa kidole cha mguu huanza kulika kabla ya wa mkono.

Na chikungunya mliyoifikiria haikuwa dhana ya kipuuzi. Jina lake limetoka kwenye Kimakonde, likiwa na maana ya kujikunja, na ugonjwa wenyewe ulielezwa kitabibu baada ya mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Mlipuko wa Lamu wa 2004 uliwapata wakazi wengi sana wa kisiwa kile, wanaokadiriwa kufika robo tatu, na Mombasa ilipata wake mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Baada ya homa kwisha, baadhi ya watu hubaki na viungo vinavyovimba miezi mingi, vidole vya kulia na kushoto sawasawa, na mtu akiwatazama kwa macho tu atasema ni baridi yabisi. Tofauti zake: chikungunya huingia kwa kishindo, homa kali ndani ya siku moja, mara nyingi na vipele, na nyumbani huwa wanaumwa zaidi ya mmoja. Anti-CCP kwa kawaida huwa hasi. Wengi huendelea kupata nafuu jinsi miezi inavyosonga. Dawa zinaweza kufanana. Jaribio moja la India lililochapishwa 2017, la watu 72 wenye viungo vilivyobaki vimevimba baada ya chikungunya, lilikuta methotrexate, sulfasalazine na hydroxychloroquine kwa pamoja zinashinda hydroxychloroquine peke yake. Kinachobadilika ni matarajio. Mwenye chikungunya ana sababu nzuri ya kutarajia kuacha dawa. Mwenye baridi yabisi hesabu yake ni nyingine, nitaifikia.

Nikiwa hapohapo: jina "baridi yabisi" limewapotosha watu wengi. Mama anaambiwa azime pangaboi, asioge maji ya baridi, asilale sakafuni. Ugonjwa huu ni wa kinga ya mwili kuushambulia utandu laini uliozunguka kiungo kwa ndani. Utandu ukishambuliwa hunenepa, hujaa maji, kisha hutambaa juu ya gegedu na kulila. Alale na pangaboi lake.

Sasa sindano. Niseme utafiti unasema nini, kwa sababu hapa ndipo pesa za mjomba zilipo.

Jaribio ninalolipa uzito kuliko yote kwa hali kama yenu lilifanyika Glasgow, likachapishwa 2004 kwa jina la TICORA. Halikujaribu dawa mpya hata moja. Wagonjwa 110 waligawanywa mafungu mawili, wote wakitibiwa kwa dawa zilezile za kawaida. Fungu la kwanza lilitibiwa kama kliniki zilivyozoea, miadi kila miezi mitatu bila kipimo rasmi cha kuhesabu ugonjwa. La pili lilionwa kila mwezi, viungo vikahesabiwa, na hesabu ikiwa juu, dozi ilipandishwa au dawa nyingine ikaongezwa siku hiyohiyo, na kiungo kilichovimba kikachomwa steroidi, dawa ya kushusha uvimbe haraka. Baada ya miezi 18, waliotulia kabisa walikuwa asilimia 65 kwenye fungu la kuhesabiwa, na asilimia 16 kwenye fungu la mazoea. Dawa zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kuhesabu, na kutokubali kuandika "endelea".

La pili ni RACAT, la Marekani na Kanada, lililochapishwa 2013. Watu 353 ambao methotrexate peke yake ilikuwa haiwatoshi waligawanywa. Baadhi waliongezewa sulfasalazine na hydroxychloroquine, ambavyo ni vidonge vya bei ya kawaida, na wengine walichomwa etanercept, moja ya zile sindano anazozifikiria mjomba. Aliyekuwa hajapata nafuu kufikia wiki ya 24 alihamishiwa upande wa pili. Waliohama walikuwa asilimia 27 kwa kila upande. Wiki ya 48 ilipofika, vidonge havikuwa nyuma ya sindano.

Nisikufiche upande wa pili. Jaribio la NORD-STAR la nchi za Ulaya ya kaskazini, lenye wagonjwa wapya 812, lilikuta kwenye wiki ya 24 tofauti ndogo kati ya tiba ya kawaida iliyokazwa vizuri na sindano, lakini kufikia wiki ya 48 sindano mbili, abatacept na certolizumab, zilikuwa zimeitangulia tiba hiyo. Kwa hiyo sindano zina kazi yake. Ila mgonjwa ambaye hajafika hata nusu ya ngazi ya vidonge hajajua kama anazihitaji, na mtu wa Muscat anayelipa miezi minne kisha akashindwa atamwacha mamako mahali pabaya kuliko alipo leo.

Ngazi yenyewe iko hivi, na daktari wake ndiye atakayeipanda baada ya kuona figo na ini. Methotrexate hupandishwa miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ikipita 15, utumbo huanza kukataa kuifyonza yote: unameza nane, mwili unapata kama sita. Dawa yake ni kuigawa, nusu asubuhi na nusu usiku wa siku hiyohiyo, au kuichoma chini ya ngozi. Ndiyo, methotrexate ina sindano, na hiyo ndiyo sindano ya kwanza ya kuulizia, si ile ya mjomba. Isipotosha kwa miezi mitatu ya dozi kamili, huongezwa nyingine mbili. Hydroxychloroquine haipiti miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na macho hukaguliwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano. Mwenye ugonjwa wa figo huanza kukaguliwa mapema zaidi. Sulfasalazine huanza na miligramu 500 kwa siku, huongezwa 500 kila wiki mpaka gramu 2. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, msishtuke. Asiyepatana na dawa za salfa asiiguse.

Kuhesabu si kazi ya daktari pekee. Kuna kipimo kiitwacho CDAI kisichohitaji maabara, na sehemu yake kubwa unaweza kuifanya wewe sebuleni. Viungo ni 28: mabega mawili, viwiko viwili, vifundo vya mikono viwili, magoti mawili, mafundo kumi ya ngumi, na mafundo kumi ya katikati ya vidole, dole gumba nalo likihesabiwa fundo lake moja. Mkalishe mama, mikono juu ya mto. Bonyeza kila fundo kwa dole gumba lako mpaka ncha ya kucha yako igeuke nyeupe. Nguvu hiyo inatosha, usizidishe. Akisema linauma, hesabu moja. Kisha pitia upya ukitafuta uvimbe: shika fundo kwa vidole viwili vya pembeni, bonyeza juu kwa vingine. Uvimbe wa baridi yabisi hubonyea kama embe bivu. Ukiwa mgumu kama jiwe, hasa kwenye fundo la mwisho karibu na kucha, huo ni uchakavu wa umri na haumo kwenye hesabu. Mwisho muulize: "Kutoka sifuri hadi kumi, ugonjwa huu unakusumbua kiasi gani wiki hii?" Jumlisha yanayouma, yaliyovimba na alama yake. Daktari ataongeza alama yake mwenyewe ya sifuri hadi kumi.

Chukua mfano: yanayouma 9, yaliyovimba 6, mama amesema 6, daktari amesema 5. Jumla 26. Zaidi ya 22 ni ugonjwa mkali, zaidi ya 10 hadi 22 ni wa wastani, 10 kushuka chini ni mdogo, 2.8 kushuka chini umetulia. Fanya siku moja kila mwezi na saa ileile, kwa sababu hesabu ya alfajiri na ya alasiri hazifanani. Andika kwenye kalenda. Ukiingia kliniki na karatasi yenye 26, 24, 25, ni vigumu mtu kukuandikia "endelea". Vifundo vya miguu havimo kwenye 28 hizi, na mamako vinamuuma, basi viandike pembeni na uvitaje.

Kuhusu saratani, muuza dawa hakusema uongo, alisema nusu. Methotrexate hutibu saratani fulani kwa dozi zinazoweza kufika gramu nzima na zaidi kwa mara moja, mishipani, hospitalini. Mama anatumia miligramu 10 kwa wiki, na akifika 25 bado ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Kwa dozi hii ndogo kazi yake ni kutuliza kinga iliyoghadhibika. Na kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: baridi yabisi isiyotibiwa hudhuru moyo, kiasi kwamba mwongozo wa EULAR unataka hatari ya moyo ya mgonjwa ikokotolewe kisha izidishwe kwa 1.5. Kwenye ufuatiliaji wa wagonjwa 1,240 huko Wichita, Marekani, uliochapishwa 2002, waliotumia methotrexate walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa takriban asilimia 60, hasa kwa upande wa moyo. Ule haukuwa mgawanyo wa bahati nasibu, hivyo sitaiapia namba hiyo, lakini inaelekeza mbali na hofu ya mama.

Hatari ya kweli ya dawa hii iko kwingine, na inaweza kuua. Ni kuimeza kila siku kwa makosa. Kwenye karatasi imeandikwa "mara moja", mtu anasoma "mara moja kwa siku", na ndani ya wiki mbili mdomo umejaa vidonda na chembe za damu zimeporomoka. Mzuie mapema. Chagueni siku moja, Ijumaa ni nzuri maana haisahauliki, na neno "IJUMAA TU" liandikwe kwenye paketi kwa kalamu nzito. Akisahau, ana siku mbili za kufidia. Zikipita, asubiri Ijumaa ijayo, wala asirudufu. Kila mkinunua soma namba kwenye paketi, kwa sababu vipo vidonge vya 2.5 na vipo vya 10, na vinaweza kufanana rangi. Vinane vya 10 badala ya vinane vya 2.5 ni dozi mara nne. Ikitokea, au mkigundua amemeza siku mfululizo, ni hospitali usiku huohuo hata kama hajisikii vibaya. Iko dawa ya kukinza, na hufaa zaidi ikiwahi.

Pili ni Septrin, yaani kotrimoksazoli. Hununuliwa kwa kikohozi au mkojo kama pipi. Ikikutana na methotrexate, hizo mbili hushambulia uboho kwa pamoja. Mama aiseme kila anapokwenda dukani: "Natumia methotrexate, nisipewe Septrin." Trimethoprim nayo ni hivyohivyo. Diclofenac si marufuku, ila haifai kumezwa kila siku kwa miezi, maana hubana figo, na figo ndizo zinazoitoa methotrexate mwilini. Siku ya kuhara sana au kutapika sana, dozi ya wiki hiyo iachwe kwa sababu hiyohiyo.

Foliki asidi, angalau miligramu 5 kwa wiki, si siku ya Ijumaa. Hupunguza kichefuchefu, vidonda vya mdomo na madhara ya ini. Kichefuchefu kikibaki, dawa imezwe usiku baada ya chakula, alale nacho. Ramadhani haina tabu hapa: Ijumaa baada ya futari, na maji ya kutosha mpaka daku.

Damu ipimwe: picha kamili ya damu, kimeng'enya cha ini ALT, na kreatinini ya figo. Kila wiki 2 hadi 4 katika miezi mitatu ya mwanzo na kila dozi inapopandishwa, kisha kila wiki 8 hadi 12. ALT ikipita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, dawa husimamishwa kwanza. Chembe nyeupe chini ya 3.5, au chembe sahani chini ya 140, zinahitaji daktari azitazame. Lakini hapa pana jambo moja la kwetu: Waafrika wengi wenye afya njema wana aina moja ya chembe nyeupe, nyutrofili, kidogo kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema, na wameishi hivyo maisha yao yote. Ndiyo maana karatasi ya damu ya kabla ya dawa ina thamani. Linganisha na hiyo. Homa ya ini aina B na C na virusi vya ukimwi vingepimwa mwanzoni. Kama havikupimwa, bado muda upo.

Akipata kikohozi kikavu kinachoambatana na kukosa pumzi na homa, asingoje miadi. Mwanamke anayeweza kushika mimba asianze dawa hii bila uzazi wa mpango, na anayetaka mtoto aiache miezi 3 kabla, kwa mpango wa daktari. Huenda hili halimhusu mamako kwa umri wake, ila najua wasomaji ni wengi.

Prednisolone, ambayo nayo ni steroidi, ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kwenye karatasi yake. Miligramu 10 kila siku kwa miezi minne ni nyingi mno kwa muda mrefu mno. Ilikusudiwa kuwa daraja wakati methotrexate inapanda, na daraja hilo lilipaswa kuanza kuvunjwa. Jaribio la GLORIA, lililochapishwa 2022, liliwapa watu 451 wa miaka 65 na zaidi miligramu 5 tu kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, kwa miaka miwili. Waliomeza walikuwa na ugonjwa mdogo zaidi na viungo vyao vililika kidogo zaidi, hilo lazima tulikubali. Lakini waliopatwa na angalau dhara moja walikuwa asilimia 60, dhidi ya 49, na tofauti kubwa ilikuwa maambukizi. Hiyo ni nusu ya anayomeza mamako.

Asiikate ghafla. Baada ya miezi minne tezi zilizo juu ya figo zimezoea kuletewa, na zikinyimwa kwa siku moja mtu anaweza kuanguka kwa presha ya chini. Methotrexate ipande kwanza, kisha prednisolone ishushwe polepole: kwa mfano kutoka 10 hadi 7.5, halafu 5, kila hatua wiki 2 hadi 4, na chini ya 5 miligramu moja moja. Imezwe asubuhi na chakula. Sukari ipimwe alasiri au saa mbili baada ya chakula cha mchana, kwa sababu prednisolone ya asubuhi hupandisha sukari mchana, na kipimo cha kabla ya kifungua kinywa kinaweza kutoka kizuri kikadanganya. Dagaa, maziwa na jua la asubuhi kwenye mikono ni vya mifupa. Akiletewa unga wa mitishamba unaoondoa maumivu kwa siku mbili, uogopeni; katika nchi nyingi unga wa namna hiyo umekutwa umechanganywa steroidi au diclofenac, na kasi hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Kama ngazi yote imepandwa kwa dozi kamili, miezi sita imepita na hesabu bado iko juu ya 10, basi simu ya Muscat ipigwe. Hapo kuna sharti kabla ya sindano ya kwanza: kifua kikuu. Sindano za jamii ya etanercept, adalimumab na infliximab huzuia kemikali ambayo mwili huitumia kuvifungia vijidudu vya TB vilivyolala, na Kenya TB ni nyingi. Eksirei ya kifua, na kipimo cha ngozi au cha damu cha TB iliyolala. Ikiwepo, dawa za kuzuia huanza na sindano husubiri angalau mwezi. Homa ya ini B nayo ni lazima ijulikane. Huenda mkaambiwa kuna vidonge vipya vinavyofanya kazi kama sindano, mfano tofacitinib. Vinafanya kazi. Lakini jaribio la ORAL Surveillance la 2022, la watu 4,362 wa miaka 50 kwenda juu wenye angalau jambo moja la hatari ya moyo, liliona matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 3.4 ya waliovimeza dhidi ya 2.5 ya waliochomwa sindano, na saratani 4.2 dhidi ya 2.9. Mamako ana miaka 52. Akiwa na presha au sukari, yuko kwenye kundi hilohilo.

Ataacha lini? Swali hili lina jibu zuri kuliko zamani. Norway, kwenye jaribio la ARCTIC REWIND lililochapishwa 2021, watu waliokuwa wametulia kwa angalau mwaka mzima kwa vidonge vya kawaida waligawanywa: wengine wakaendelea na dozi kamili, wengine wakapunguziwa nusu. Ndani ya mwaka, ugonjwa uliwarudia asilimia 6 ya walioendelea na asilimia 25 ya waliopunguziwa. Unaweza kulisoma kwa njia mbili. Kupunguza kuliongeza hatari mara nne. Lakini pia watatu kati ya wanne walipunguza na hawakurudiwa. Kwa hiyo mazungumzo ya kupunguza yaanze baada ya mwaka wa hesabu kubaki chini, prednisolone ikiwa imekwisha, na yahusu kushuka, si kuacha. Ugonjwa ukirudi, dozi irudishwe mara moja. Wanaoacha wenyewe wiki ambayo mikono imefunga vizuri ndio huonekana tena baada ya miezi michache wakianza upya, na mara ya pili viungo huwa vimeshaliwa.

Mikono yenyewe isingoje dawa. Jaribio la SARAH la Uingereza, 2015, watu 490, lilikuta mazoezi ya mikono nyumbani kila siku yameongeza uwezo wa mikono zaidi ya mara mbili ya ushauri wa kawaida, bila kuzidisha maumivu. Yalikuwa kumi na moja: saba ya kulegeza na manne ya nguvu. Kwa nyumbani kwenu, unga wa chapati uliokandwa laini unatosha kwa ya nguvu: aufinye kwa kiganja kizima, aubane kati ya dole gumba na kila kidole, aukunje kwa ncha za vidole, mara nane hadi kumi, polepole, baada ya maji ya uvuguvugu asubuhi. Fundo lililovimba na lenye joto siku hiyo lilegezwe tu, lisibanwe.

Kukamua tui kwa kusokota kitambaa asifanye kwa sasa, kwa sababu kule kusokota huvuta vidole kuelekea upande wa kidole cha mwisho, upande uleule ambao ugonjwa huu huvipinda. Achekeche kwa kung'uto, akisukuma kwa kiganja kilichonyooka. Mbuzi nayo ipumzike mpaka hesabu ishuke chini ya 10. Nazi zikunwe kwa mashine, Kongowea zipo.